Risala ya Chama cha Wanyamapori kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi wetu wapendwa na wanafunzi wenzetu, hamjambo?

Karibu sana Gede, Mheshimiwa, ubavuni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Leo tunakuletea habari za wawili wanaoishi kwa kivuli cha misitu yetu ya pwani: ua la Saintpaulia na paa nunga.

Ua hili dogo la zambarau lilijaliwa bahati. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alilikuta Usambara, na mbegu zikapelekwa Ujerumani. Leo limejaa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, kwani jani moja likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu huota mche. Lakini nduguye wa mwituni hapa Kilifi, Saintpaulia rupicola, amebaki kwenye miamba michache ya chokaa, kama ile ya Cha Simba. Miti ya juu ikikatwa, jua humchoma akanyauka.

Paa nunga je? Yeye hachomekwi udongoni akaota. Ni mnyama mdogo mwekundu, ana mkanda mweupe mapajani na madoa meupe miguuni. Hupenda kupita chini ya kima, akiokota maua na matunda wanayoangusha. Makao yake ni Unguja na misitu michache ya pwani, ukiwemo huu wetu na ile ya Boni na Dodori kule Lamu.

Askari wa msitu alituonyesha tanzi la waya wa breki ya baiskeli, limefungwa kwenye shina jembamba, chini ya kimo cha goti. Wengi wetu tulinyamaza. Mheshimiwa, vyote viwili tunavipenda, ila tukiulizwa tuanze na kipi, tunasema paa.

Hatuwalaumu wazazi wetu. Kitoweo ni ghali, na kuni hazina mbadala wa karibu. Ndiyo maana tunaomba mizinga ya nyuki kwa majirani wa msitu, mabomba ya maji kwa kitalu chetu cha miti ya asili, na basi la kutupeleka Cha Simba tukalione ua hilo mwambani. Kung'oa matanzi tutaendelea kufanya wenyewe, tukiongozwa na askari wa msitu.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi wanachama.