Maumivu ya neva hayatulizwi na diklofenaki

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya miguu kuwaka moto ilimalizia kwa kumwambia mgonjwa anywe dawa ya maumivu na apumzike. Nimenyamaza miaka mingi, hii imenishinda. Dawa ipi?

Neva, yaani mshipa wa fahamu, ikishaharibiwa na kisukari au mkanda wa jeshi huupelekea ubongo taarifa za uongo. Jeraha hakuna, lakini shuka likigusa kidole mtu anaruka. Diklofenaki inashusha uvimbe, na hapa hakuna uvimbe wa kushusha. Kitakachopatikana ni vidonda vya tumbo na figo kuumia.

Juzi katika duka moja la dawa hapa Kariakoo, mzee alileta cheti cha amitriptilini miligramu 10. Muuzaji akamtangazia, foleni nzima ikisikia, kwamba hiyo ni dawa ya vichaa, akamfungia diklofenaki na kumchoma vitamini B. Aibu gani hii! Amitriptilini hutibu sonona pia, ila dozi ya sonona huwa kubwa zaidi. Hii ya 10 hadi 25 humezwa usiku, hupandishwa polepole, mara nyingi bila kuvuka 75, na ni ya neva. Mdomo utakauka, choo kitakuwa kigumu, asubuhi usingizi utang'ang'ania. Ndiyo maana watu huitupa siku ya nne, ilhali haihukumiwi kabla ya wiki 4 hadi 6. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au shida ya tezi dume amweleze daktari kwanza. Gabapentini, dawa nyingine ya neva, huanza na miligramu 300 usiku, ikafika mara tatu kwa siku. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa, na haikatwi ghafla. Vitamini B humsaidia aliyepungukiwa, kama aliyemeza metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi akakosa B12. B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe huua neva!

Na mafundi wanaomwaga misumari njiani, nani anawafuata? Neva iliyoharibika huleta ganzi pia, na mguu wenye ganzi hausikii msumari uliopenya kandambili, wala maji ya moto ya kulowekea. Vaeni viatu vilivyofunika vidole, maji pimeni kwa kiwiko.

Ninyi ukurasa wa mikeka ya mpira mnao kila siku. Mwezi mmoja tu, toeni hapo kisanduku cha sentimita 5, mwandike kwa wino mwekundu: "Diklofenaki si dawa ya neva." Muuzaji wa Kariakoo mkeka hausahau, ataona.

Mfamasia,
Temeke, Dar es Salaam