Filamu ya Chemia isiwakatishe tamaa wajawazito wenye saratani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie filamu ya Kipolandi iitwayo Chemia, iliyotoka mwaka 2015, ambayo wengi wanaoielezea huishia kuisifu kuwa ni kisa cha mapenzi cha kuliza. Kuliza inaliza kweli. Hata hivyo, nina hofu kwamba mtazamaji anaweza kuondoka akiamini kuwa mjamzito akibainika kuwa na saratani ya matiti, hana budi kuchagua moja: mtoto au matibabu.

Lena, anayeigizwa na Agnieszka Żulewska, ni mgonjwa wa saratani anayepata ujauzito, na penzi lake na Benek, anayeigizwa na Tomasz Schuchardt, linakwenda mbio kwa sababu wote wawili wanajua hawana muda wa kupoteza. Mimi nilivutiwa zaidi na Benek. Hakufanywa malaika wa kukaa kando ya kitanda. Ni mume mwenye hofu na hasira, anayempenda mkewe na bado hajui la kufanya. Mwongozaji, Bartosz Prokopowicz, hakuyasikia hayo kwa jirani, kwani filamu imetokana na maisha yake na mkewe Magda, aliyefariki dunia mwaka 2012.

Huyo Magda ndiye anayesahauliwa. Alibainika kuwa na saratani ya matiti akiwa mjamzito, akatafuta madaktari wa kumtibu bila kuitoa mimba, akajifungua mtoto wa kiume. Baadaye, mwaka 2009, alianzisha taasisi ya Rak'n'Roll, ambayo pamoja na mambo mengine huwasaidia wajawazito wenye saratani na hupokea nywele zinazokatwa na watu wa kawaida, zenye urefu usiopungua sentimita 25, ili zitengenezwe wigi za wanawake walionyonyoka nywele kwa sababu ya dawa za saratani.

Kitabibu, upasuaji wa matiti unaweza kufanyika mama akiwa mjamzito. Dawa nyingi za tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, zinazotumika kwa saratani hiyo zinaweza kuanza kutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza, viungo vya mtoto vikishajengeka, kisha zikasitishwa wiki chache kabla ya kujifungua ili damu ya mama ipate nafuu. Tiba ya mionzi ndiyo ambayo kwa kawaida husubiri hadi mtoto azaliwe. Si kila mgonjwa atapona, na Magda mwenyewe hakupona, lakini kutibiwa hakumaanishi kumpoteza mtoto.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba ukurasa wenu wa burudani, kila unapochambua filamu ya aina hii, uweke japo aya moja kutoka kwa daktari wa saratani, maana yupo msomaji ambaye juzi tu amepapasa uvimbe kwenye titi, naye ni mjamzito.

Wako,
Msomaji wa gazeti lako