Wasichana wa cherehani na mlango uliofungwa

Rafiki yangu Rehema,

Salaam nyingi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia kwamba mama anaendelea vizuri. Huku sote wazima.

Umeniambia kwamba muhula huu unafundisha mageuzi ya Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba kitabu chenu kinaanza na Theodore Roosevelt na kuishia na Woodrow Wilson, kana kwamba wafanyakazi walionewa huruma na marais hao wawili. Hapo mimi na kitabu chenu tunaachana njia. Sikatai kwamba mwaka 1906 Roosevelt alitia saini sheria ya usafi wa vyakula na dawa. Lakini ningepewa kipindi kimoja tu, ningewaeleza wanafunzi habari za wasichana wa cherehani wa New York.

Wengi wao walikuwa wahamiaji, Wayahudi kutoka Ulaya Mashariki na Waitaliano. Walishona blauzi siku sita kwa wiki, na katika viwanda vingi walikatwa hata pesa za sindano na uzi. Tarehe 22 Novemba 1909 walikusanyika kwenye ukumbi wa Cooper Union. Wakubwa wa vyama vya wafanyakazi wakazungumza kwa saa nyingi wakihimiza subira. Ndipo Clara Lemlich, mshonaji wa miaka 23 ambaye majuma machache nyuma alikuwa amepigwa kwenye mgomo hadi akavunjwa mbavu, akaomba nafasi. Alisema kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kwamba maneno yamemchosha, akapendekeza mgomo wa wote. Ukumbi mzima ukainua mikono na kuapa: nikisaliti, mkono huu unyauke. Zaidi ya watu 20,000 wakaacha kazi, wakakaa barabarani kipupwe kizima wakikamatwa na polisi.

Viwanda vingi vilikubali kutia saini mkataba na chama chao. Triangle, kampuni ya kushona blauzi, haikutia.

Nakuomba usilipite haraka jambo hilo, maana ni Triangle hiyohiyo iliyowaka Jumamosi ya tarehe 25 Machi 1911, muda wa kufunga kazi ukikaribia. Kiwanda kilikuwa ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10. Moto ulianza ghorofa ya 8, kwenye mabaki ya vitambaa chini ya meza ya kukatia. Ghorofa ya 10, walikokuwa wenye mali, ilipigiwa simu, na karibu wote wa huko wakaokoka kupitia paa. Ghorofa ya 9 haikuambiwa kitu. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo ili wote watokee upande wa pili na kupekuliwa mikoba, wasije wakaiba kitambaa. Ngazi ya nje ya dharura ilipinda na kuanguka ikiwa na watu. Ngazi za zimamoto zilifika ghorofa ya 6 tu. Waliruka madirishani, wengine wameshikana mikono. Walikufa 146, na 123 kati yao walikuwa wanawake na wasichana.

Wenye mali, Max Blanck na Isaac Harris, walishtakiwa, na Desemba mwaka huohuo wakaachiwa, kwa sababu haikuthibitika mahakamani kwamba walijua mlango umefungwa saa ile. Mwaka 1914 familia zilizokuwa zimefungua madai zililipwa dola 75 kwa kila marehemu. Kabla ya hapo, mwaka 1913, Blanck alikutwa tena amewafungia wafanyakazi mlango, akatozwa faini ya dola 20. Niandikapo haya mkono unanitetemeka kwa hasira, ingawa ni zaidi ya miaka mia.

Sasa tazama sheria ilivyopatikana. Tarehe 5 Aprili 1911 zaidi ya watu 100,000 waliandamana kwenye mvua. Wanasiasa wa New York waliokuwa wakizizuia sheria za kazi waliona kwamba hao ndio majirani wa wapiga kura wao. Bunge la jimbo likaunda tume ya kuchunguza viwanda, mwenyekiti Robert Wagner, makamu wake Al Smith, wote wabunge wa jimbo. Frances Perkins, mtetezi wa haki za wafanyakazi aliyeuona moto ule kwa macho yake, aliwapeleka viwandani wakajionee. Kiwanda kimoja alimfanya Wagner atambae kwenye tundu dogo linaloishia kwenye ngazi iliyoganda barafu, ndiyo iliyoitwa njia ya dharura! Kufikia 1914 zilikuwa zimepitishwa sheria zaidi ya 30: milango isifungwe wakati wa kazi, mazoezi ya kujiokoa na moto, mabomba ya kunyunyizia maji darini. Mwaka 1933 Perkins akawa Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mawaziri la Marekani.

Kwa hiyo ukiwafundisha habari za tume, anza na mgomo. Wapo wengi waliokufa kazini kabla ya hapo, migodini na kwenye reli, bila tume yoyote kuitwa kwa ajili yao. Safari hii jiji zima lilikuwa limeshawajua wasichana hao kwa sura na madai yao.

Usiwafiche pia walioachwa nje. Sheria ya nchi nzima ya kuzuia kazi za watoto ilipitishwa 1916, na Mahakama Kuu ikaifuta 1918. Ile ya 1938, ya kima cha chini cha mshahara, haikuwagusa vibarua wa mashamba wala watumishi wa nyumbani, na katika majimbo ya Kusini kazi hizo mara nyingi zilikuwa za watu weusi. Kwa maoni yangu hili linastahili kipindi chake peke yake.

Wakikuuliza nani aliyefunga ule mlango, waache wabishane kwanza, kisha uniandikie walivyosema. Mama umpe salamu zangu, na Jumapili nitapiga simu nizungumze naye.

Rafiki yako akupendaye,
Zuhura