Kwa nini hatutoboi kizinda kwa sindano

Malalamiko yanayotufikia zaidi kuhusu upasuaji wa kufungua kizinda kilichoziba ni ya bili. Mzazi akisikia kwamba binti atakaa chumba cha upasuaji nusu saa hivi na jioni atalala kwao, anauliza: hela yote hii ya nini, ikiwa kuna mtu anatoboa kwa sindano kwa bei ndogo?

Tunazungumzia kizinda, yaani utando wa mlango wa uke, kilichoziba kabisa. Msichana ana miaka 12 hadi 15, matiti yamekua, lakini hedhi haijaonekana. Kila mwezi tumbo la chini linamuuma siku kadhaa, kisha linatulia. Hedhi imeshaanza, ila damu haina pa kutokea, inajikusanya ukeni. Ikijaa inabana kibofu na utumbo: mkojo unagoma, choo kinakuwa kigumu, tumbo linavimba. Nyumbani wanahisi mimba, au wanamnywesha dawa ya chango, au anamaliza dozi za UTI moja baada ya nyingine. Miezi inapita, na damu inaweza kurudi nyuma hadi kwenye mirija ya uzazi.

Sasa hiyo sindano. Damu iliyokaa muda mrefu ni nzito kama uji, haiwezi kutoka yote kwenye tundu dogo. Inatoka kidogo, maumivu yanapungua, familia inafurahi. Kisha tundu linaziba, na vijidudu vilivyoingia vinabaki ndani na damu iliyosalia. Matokeo yake ni usaha na homa. Binti anayeletwa hivyo anahitaji antibiotiki za mshipa na kitanda cha wodi kabla na baada ya upasuaji uleule uliokwepwa. Bili hiyo ndiyo kubwa.

Tena si kila kilichoziba ni kizinda. Wengine wana ukuta juu zaidi ndani ya uke, wengine uke haukuumbika, na matibabu yao ni tofauti kabisa. Kwa hiyo tunaanza na kipimo cha mimba, altrasaundi ya tumbo na kuangalia kwa nje tu. Hakuna kidole kinachoingizwa. Kizinda kilichojaa damu kinajitokeza, mara nyingi kina rangi ya bluu, na akikohoa kinatuna zaidi. Tukiwa na shaka tunaagiza MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili. Hatukati kwa kubahatisha.

Siku yenyewe asile kwa muda wa saa 6 kabla ya upasuaji; maji matupu mwisho ni saa 2 kabla ya upasuaji. Analala kwa nusukaputi au anapewa ganzi ya mgongo. Tunapitisha mpira wa mkojo ili kibofu kiwe tupu na njia ya mkojo ionekane isije ikaguswa na kisu. Kizinda kinakatwa, nyama iliyozidi inaondolewa, damu inaachwa itoke yenyewe na kufyonzwa taratibu. Tumbo halikandamizwi, maana damu itasukumwa kwenye mirija. Mwisho kingo zinashonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wanaofanya haraka haraka, na ndiyo inayozuia tundu lisizibe tena. Mtaalamu wa usingizi, vifaa vilivyotakaswa na nyuzi hizo ndivyo mnavyolipia, wala hatuoni haya kuvitoza.

Akina mama wengi hutuvuta pembeni kuuliza habari za bikira. Kizinda hakithibitishi lolote kuhusu ngono. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaka vipimo vya bikira vikomeshwe. Tunaandika ripoti kwamba kizinda kilikatwa kwa upasuaji, itunzeni. Wala huu si ukeketaji: kinembe na mashavu ya uke havikatwi.

Nyumbani damu nyeusi nzito itaendelea kutoka siku kadhaa. Avae pedi, asiingize chochote ukeni, akalie maji ya vuguvugu mara 2 au 3 kwa siku bila Dettol wala majani ya dawa, ajikaushe kwa kugusagusa. Paracetamol au ibuprofen kwa kawaida hutosha. Arudi mara moja akipata homa, uchafu unaonuka, kushindwa kukojoa, au damu nyekundu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja.

Marudio ni baada ya wiki 1 au 2, kisha wiki ya 6. Hata akijisikia mzima, mleteni: tunaangalia kama tundu limebaki wazi. Maumivu ya kila mwezi yakirudi na hedhi haitoki, msisubiri tarehe.