Noeli njema na Bonane, kwenu benye kukimbia na benye kukimbiliwa

Bandugu na barafiki, bale bako hapa Goma na bale bako mbali, Noeli njema na Bonane (mwaka mupya) inakuja!

Tarehe 28 Desemba ni sikukuu ya Watoto Mashahidi, na Injili yake ni Matayo 2, malaika anamutokea Yosefu katika ndoto anamuambia achukue mutoto na mama yake akimbilie Misri. Kila mwaka nikisikia ile neno ya kukimbia moyo inashtuka, juu siye tunaijua na maneno ndugu zake zote. Mutoto akiacha masomo bila ruhusa, anatoroka. Samaki ya sambaza ikipita kwenye wavu, inaponyoka. Mwenye deni akikuona akabadirisha njia, anakwepa. Lakini kukimbia ni ingine, hapo hauna kosa, unaacha nyumba juu kifo iko nyuma yako.

Tarehe 22 Mei 2021 volkano yetu Nyiragongo ilipasuka, mbingu yote ikakuwa nyekundu. Lava ilisimama Buhene karibu na uwanja wa ndege, kisha tarehe 27 asubui wakasema tutoke muji, tukashika njia ya Sake kwa miguu. Mama yangu alibeba sufuria ya maharagi kwenye kichwa, bado ya moto, ameifunga na kitenge (bale baliona lava ya 2002 inapita katikati ya muji mpaka kwenye ziwa habaachake chakula nyuma).

Kule Sake mama mumoja hatukumujua alifungua mulango, akatandika mukeka, akakamata ile sufuria akairudisha kwenye makala. Tulikula na batoto yake. Hakuuliza kabila, hakuuliza siku ngapi.

Ni pale nilielewa kukimbilia. Kukimbia unaweza peke yako, lakini ili ukimbilie lazima kuwe mutu kule mbele. Matayo haandike nani alimufungulia Yosefu kule Misri, mimi naamini kulikuwa mama na mukeka.

Mwanzo wa 2024 Sake nayo ikakimbia juu ya vita, batu bakakuja huku Goma. Tulimutafuta ule mama kwenye makambi, kwenye makanisa, hatukumuona.

Mama wa Sake, kama uko mahali na mutoto wako anakusomea hii, Noeli njema mama. Mama yangu anakuulizia kila siku. Mukeka iko, maharagi iko kwenye makala, kuja.