Salamu za Krismasi kwa wana reli wenzangu, na habari ya lile sufuria

Wana reli wenzangu, wazee wangu, kaka na dada zangu mliostaafu na mliobaki kazini, Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya. Waislamu wetu nawapa hii salamu kwa mikono miwili, maana nyie ndo mlifanya mimi nikale Krismasi na wanangu miaka mingi, na Idi ikifika mimi naingia zamu yenu. Hakukuwa na barua wala nini, unamwambia tu mwenzio pale raning rumu, chumba chetu cha kupumzikia, "Idi hii nakushikia" basi, limeisha.

Huku Dodoma mvua imeanza. Juzi usiku bati lilivyoanza kupigwa nikaamka nikakaa kitandani, akili ikaenda moja kwa moja Kidete, Godegode, Gulwe, kule reli inapofuatana na mto Mkondoa ndani ya bonde. Mjerumani alipitisha njia pale akielekea Kigoma, akafika huko 1914, na kuanzia hapo sijui ni magenge mangapi ya mafundi njia yamebeba kokoto kwenye lile bonde, baba zetu, sisi, na sasa watoto wa wenzetu.

Mnakumbuka mvua za mwisho wa 2009? Zile zilizokula tuta kati ya Kilosa na Gulwe mpaka treni zikakatika kwa miezi. Usiku wa kuamkia mwaka mpya sisi tulikua na treni ya kokoto upande wa Gulwe, mimi gadi, yule msimamizi wa treni anayekaa behewa la nyuma, tumelowa, mishahara haijatoka, na mbele yetu udongo wote umeondoka, reli zinaning'inia hewani na mataruma yake kama ngazi iliyolazwa, chini maji yanapita. Watu walikua wamenyamaza kabisa, hata wale waongeaji wa genge mnaowajua.

Kwenye saa nne hivi tukaona taa ya kiberenge, kile kigari kidogo cha relini. Ni mzee, mkubwa wetu wa depo (jina simtaji, mwenyewe hapendi na mnamjua). Amekaa kwenye mvua na shati tu, koti lake la mvua amelivua amelifunika sufuria kubwa lililoko mapajani, mfuniko umefungwa na kanga ya mkewe ili usifunguke njiani. Pilau. Ametoka nalo nyumbani kwake Dodoma usiku ule na lilifika la moto jamani, alipofungua ule mvuke na harufu ya iliki mimi mpaka leo nikinusa pilau namuona yeye.

Hakutoa hotuba. Kitu cha kwanza aliuliza "genge wamekula?" Akaanza kuwapakulia vibarua, akaja nyapara, dereva, mimi, yeye mwenyewe akabaki na ukoko anakwangua kwa mkono amekaa juu ya kokoto. Alaf akasema mshahara na yeye hajapata, ataendelea kuwauliza wakubwa wa Dar na wakimjibu atatuambia hivohivo walivyojibu. Akashika taa. Alitumulikia mpaka kunakucha, hakuna aliyemwomba, na ile kazi tuliyoifanya usiku ule, kwa hasira tusingeifanya hata nusu yake.

Nimefanya kazi na wakubwa wengi na siwasemi vibaya, ila wapo waliotuongoza kwa simu, amri inakuja tunaitekeleza, muda ukiisha tunashuka. Huyu mzee rosta ya sikukuu alikua anaiandika kwa penseli na jina la kwanza kwenye zamu ya Krismasi ni lake, sasa hapo wewe fayamani wa juzi, msaidizi tu wa dereva, utasema unaumwa? Ndo maana alipofiwa na mama yake lile genge lilichanga, watu ambao mifukoni hawana kitu walichanga, na waliosafiri kwenda kuzika walijaza nusu behewa.

Saa hizi SGR, treni ya reli mpya ya kisasa, inatoka Dar mpaka hapa kwetu tangu 2024, safari ambayo sisi tulikua tunalala njiani wao wanafika kabla chai ya asubuhi haijashuka tumboni. Niliipanda nikamtazama yule binti wa kwenye behewa na yunifomu yake, nikamwambia mimi nilikua gadi, akanishika mkono na kuniita baba. Nyie vijana mtakaokua kazini tarehe 25 watu wakienda kwao, heri yenu, mtu akiwashikia zamu na nyie mshikieni.

Wale waliotangulia, dereva wetu wa usiku ule na nyapara, leo kanisani nimewataja wote wawili, na wa kule msikitini naomba mnisaidie dua kwa nyapara.

Sasa lile sufuria. Asubuhi ile mzee aliondoka haraka kwenda kuripoti akaliacha, mimi nikalibeba kwenye breki yangu, lile behewa la gadi, nikasema nitamrudishia, kanga nilirudisha lakini sufuria mke wangu akalipenda, miaka ikaenda. Mzee yuko Morogoro siku hizi, miguu inamsumbua lakini sauti ileile. Tarehe 26 napanda treni ya asubuhi nalipeleka, mama watoto amesema haliendi tupu, anapika pilau. Mlioko Morogoro na Kilosa njooni, leteni sahani zenu.