Barua kwa Baba kutoka Windsor

Windsor, Ontario, Kanada
Jumapili usiku

Baba mpendwa, shikamoo.

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, Mama na wote hapo nyumbani. Mimi sijambo, ila baridi imeanza kuuma. Mama aliniambia mguu umepata nafuu na umerudi kibandani kushona viatu. Nimefurahi sana.

Baba, nimesikia umekasirika kwamba nimepunguza zamu kiwandani ili nitengeneze gazeti. Una haki. Lakini nakuomba kwanza nikusimulie habari za mwanamke mmoja.

Katikati ya mji huu pana sanamu yake, ilisimamishwa mwaka 2022. Ukitoka hapo ukateremka mtoni, unaiona Detroit ng'ambo, nchi nyingine kabisa, mto tu katikati, kama Bweni na Pangani. Anaitwa Mary Ann Shadd Cary. Alizaliwa Delaware, Marekani, mwaka 1823, mtoto wa kwanza kati ya 13, na baba yake alikuwa fundi viatu kama wewe. Hawakuwa watumwa, lakini sheria ya mwaka 1850 ya kuwakamata watumwa waliotoroka ilifanya hata Weusi huru wakose usalama. Mwaka 1851 akahamia hapa Windsor, akafungua shule. Mwaka uliofuata akachapisha kijitabu cha kuwaelekeza wenzake waliotaka kuja: ardhi ikoje, vitu bei gani, hali ya hewa je. Nilipokisoma nililia, Baba. Mimi nilishuka hapa mwezi wa Januari na makubadhi, kwa kuwa hapakuwa na wa kuniambia.

Mwaka 1853 akaanzisha gazeti, Provincial Freeman. Mhariri aliyeandikwa alikuwa mwanamume, Samuel Ringgold Ward, maana watu wasingelipokea gazeti la mwanamke. Kazi yenyewe aliibeba yeye: kuandika, kuhariri, kuzunguka mji hadi mji akitafuta wasomaji wa kulipia. Jina lake alilifupisha, M. A. Shadd, na barua zikawa zinamjia zikimwita Bwana. Mwaka 1854 akawaambia wazi kuwa yeye ni mwanamke. Gazeti likahamia Toronto, kisha Chatham. Wadogo zake, Isaac na Amelia, walimshika mkono, lakini fedha zilimsumbua siku zote, na hata hivyo gazeti lilidumu hadi karibu mwaka 1860. Mumewe akafariki mwaka huo huo. Baadaye alirudi Marekani, akafundisha, na mwaka 1883 akapata shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Howard, akikaribia miaka 60.

Gazeti langu ni dogo, kurasa nne za Kiswahili. Wasomaji ni Wakongo, Warundi na sisi wa pwani. Naandika kodi ya nyumba inavyolipwa, fomu za shule za watoto zinavyojazwa, koti zito la mtumba linapatikana wapi. Toleo la kwanza nilichapa nakala 200. Nilizikunja mwenyewe usiku mezani hadi wino ukanishika vidoleni, nikakumbuka vidole vyako na ile kiwi isiyotoka hata kwa sabuni.

Nilipozipeleka dukani, mzee mmoja alichukua nakala, akasoma matangazo ya vyumba hadi mwisho, kisha akaniambia, "Mwite mwenye gazeti tuongee." Nikamjibu mwenyewe ndiye mimi. Alinitazama kwa muda, akalikunja gazeti akaliweka mfukoni, hakusema neno. Wapo walionishauri niweke jina la mwanamume ili watangazaji waniamini. Nimekataa. Shadd alilazimika, mimi sina sababu hiyo, na kufanya hivyo ingekuwa kumrudisha mama yule nyuma.

Hela ya dawa za Mama nimeituma Ijumaa, haijapungua.

Toleo la pili linatoka mwezi ujao, na juu yake nataka kuandika jina langu kamili. Jina langu la pili ni lako, Baba, ndiyo maana sikutaka kuliandika kabla hujanijibu.

Binti yako